Barua iliyo chini ya begi

Kwenye kipindi cha wiki hii tuliongea kuhusu shule, na nikataja juujuu tu kwamba kazini kwangu huwa tunawatoa watoto nje kwenda bustanini. Wengi mkauliza: bustanini kufanya nini? Basi safu ya leo yote ni ya hilo.

Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika shule moja ya msingi mashariki mwa London. Shule yetu ina uwanja wa lami, ukuta mrefu na mti mmoja. Lakini tukitembea kama dakika kumi na tano, watoto wawili wawili wameshikana mikono, vizibao vya njano vimevaliwa, tunafika Wanstead Flats. Kwa asiyepajua, ni uwanda mpana wa nyasi, vichaka na vidimbwi, upande wa juu wa Forest Gate na Manor Park. Ni ncha ya kusini ya msitu wa Epping, ingawa ukisimama pale huoni msitu. Unaona anga, na London hakuna anga nyingi hivyo.

Tunafanya nini huko? Kila darasa lina mti wake. Darasa langu lina mwaloni. Vuli tunaenda kuokota majani na mbegu, tunahesabu, tunapima shina kwa kamba. Wakati wa baridi tunarudi kwenye mti uleule, sasa uko mtupu, na watoto wanauchora. Majira ya kuchipua tunarudi tena, na ya joto tena. Nimeona kwamba safari moja kubwa ya basi kwa mwaka watoto huifurahia halafu wanaisahau. Mahali unaporudi mara nne, mtoto anaanza kupaita kwake. Wakifika tu wanakimbia kuangalia: tawi lile lililovunjika bado lipo?

Sasa, jambo linaloniuma. Kila tukitoka, kuna watoto wawili watatu wanaobaki shuleni, wanapelekwa kukaa na darasa lingine. Na katika hao wanaobaki, mara nyingi kuna mtoto ambaye nyumbani kwake wanaongea lugha hii ninayoandika sasa. Barua ya ruhusa haikurudi. Iko chini ya begi, imekunjwa, imelowa maji ya chupa. Au ilifika mezani, mzazi akaisoma, akasema hapana.

Msiwacheke wazazi. Nimewasikiliza, na sababu zao zina maana.

Mama mmoja wa Mombasa nilimkuta getini jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, kisha nikamuuliza kuhusu barua. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimevuka bahari ili huyu asome. Matope nimeyaacha kwetu. Halafu ana pumu, na huko mbwa wanaachiwa tu. Akilambwa na mbwa, nani atamwosha?"

Hebu tuyachukue moja moja, kwa sababu na wewe utaulizwa hayohayo nyumbani kwenu.

Kwanza, kusoma. Huko bustanini ndiko kusoma kwenyewe. Mtaala wa sayansi wa huku England unataka mtoto wa mwaka wa kwanza ajue majina ya mimea na miti ya kawaida, atofautishe mti unaopukutisha majani na ule unaobaki kijani, na afuatilie mabadiliko ya majira manne. Mwaka wa pili anasoma makazi ya wanyama na mimea. Ukimwacha nyumbani siku hiyo, umemkosesha somo.

Pili, pumu. Pampu yake inatoka na sisi kwenye mkoba wa huduma ya kwanza, na tunajua ya nani ni ipi. Kama ana mzio wa chavua, mwambie mwalimu kabla ya siku hiyo.

Tatu, mbwa. Hofu hii ni ya kweli, na kwa Waislamu kuna suala la tohara pia. Mwambie mwalimu waziwazi. Mimi naweza kumweka mtoto upande wa ndani wa mstari, na nikiona mbwa hana kamba namwomba mwenyewe amshike. Hakuna anayekasirika, na hata akikasirika, atapoa.

Nne, matope na kupe. Shule nyingi zina gambuti za akiba, uliza tu. Kwenye nyasi ndefu kuna kupe, kwa hiyo avae suruali ndefu, soksi juu yake, na jioni umkague nyuma ya magoti na kwapani. Bibi zetu walikuwa wakikagua ng'ombe hivyohivyo.

Tano, pesa, ambayo yule mama hakuitaja, lakini wengine wanaificha nyuma ya "kuna baridi". Kutembea kwenda Wanstead Flats hakuna nauli. Na hata kwa safari za mbali, shule ya serikali hapa England hairuhusiwi kutoza ada ya masomo yanayofanyika saa za shule. Inaweza kuomba mchango wa hiari. Safari inaweza kufutwa michango isipotosha, lakini ikiwepo, mtoto haachwi kwa sababu mzazi hakutoa. Sheria hiyo ni ya 1996. Wazazi wengi hawaijui, wanaona aibu, wanaandika kwamba mtoto anaumwa. Tafadhali, hilo waelezeni.

Yule mama nilimwambia hayo yote, kisha nikamwomba kitu kimoja: aje. Shule siku zote inatafuta wazazi wa kutembea na darasa. Akaja mwezi wa tisa, amevaa buibui na raba za mwanawe mkubwa. Nusu saa ya kwanza hakusema neno. Tulipofika kwenye vichaka akasimama ghafla, akapaza sauti: "Msiguse! Upupu huo!"

Si upupu ule wa Pwani, ni mmea mwingine kabisa, ule Waingereza wanaouita nettle. Lakini kazi yake ni ileile, ukiugusa utaruka. Watoto wote thelathini wakajifunza neno upupu papo hapo, na mmoja akamwonyesha jani pana ambalo watu wa huku hujisugulia wakiwashwa. Mama akalichuma, akalinusa, akaliweka mkobani. Mbele kidogo tukakuta matunda meusi kwenye miiba. Akasema, "Kumbe huku kuna fursadi!" Hayo nayo si fursadi hasa, maana fursadi za kwetu ziko juu ya mti na hazina miiba. Lakini ukitia mdomoni unaelewa kwa nini alisema hivyo. Mwanawe alikuwa akitembea nyuma yake akiwatafsiria wenzake. Mtoto huyo darasani huwa haongei.

Sitasema yote yalibadilika kuanzia hapo. Mama bado anachukia matope. Ila barua zake sasa zinarudi.

Kuna jingine nataka mlijue, hasa nyinyi mnaosikia kwamba mambo ya msitu ni ya Wazungu. Wanstead Flats ilikaribia kupotea. Karne ya 19 wenye ardhi walikuwa wakiuzungushia uzio msitu wa Epping kipande kwa kipande. Mwaka 1871 maelfu ya watu wa mashariki mwa London, wengi wao vibarua na wafanyakazi, walikusanyika palepale Wanstead Flats kupinga, na uzio ukavunjwa. Mwaka 1878 ikapitishwa Sheria ya Epping Forest: msitu ukawekwa chini ya Shirika la Jiji la London, ubaki wazi, usijengwe, kwa ajili ya starehe ya umma. Sheria haikusema umma gani. Mtoto aliyezaliwa Newham na mama wa Mombasa ni umma.

Halafu wapo wageni wengine. Mwezi wa sita, darasa likiwa limelala chali kwenye nyasi, huwa tunawasikia kabla ya kuwaona. Ni ndege weusi, mabawa kama mundu, wanapita kasi wakipiga kelele. Kiswahili chake ni teleka, na wengine huwachanganya na mbayuwayu. Hufika Uingereza karibu na mwezi wa tano, huzaa kwenye matundu chini ya mapaa ya nyumba, na mwanzoni mwa mwezi wa nane wengi wao wameshaondoka. Watafiti waliowafungia vifaa vidogo vya kufuatilia wamegundua kwamba teleka wa Uingereza huenda kukaa juu ya misitu ya Kongo. Na mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kwamba baadhi ya teleka hukaa angani miezi kumi bila kutua. Wanakula huko, wanalala huko.

Nilipowaambia watoto hilo, mvulana mmoja ambaye wazazi wake ni Wakongo aliinuka akakaa. "Wanaenda kila mwaka?" Nikasema ndiyo. Akafikiri. "Sisi hatujaenda hata mara moja." Akalala tena, akaendelea kuwaangalia.

Sikuwa na jibu, na sidhani alitaka jibu. Lakini tangu siku hiyo anawahesabu. Teleka wako kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza tangu 2021, kwa kuwa wanapungua, na sababu mojawapo ni kwamba nyumba zikikarabatiwa yale matundu huzibwa. Mvulana huyo sasa anajua ni paa gani mtaani kwao lina teleka. Nani mwingine angelitazama paa lile?

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wengi wenu ndio mnaosoma barua za shule nyumbani. Ni nyinyi mnaowatafsiria wazazi, mnaojaza fomu za wadogo zenu, mnaoamua ni karatasi ipi ya maana na ipi ya kutupa. Leo jioni fungueni begi la mdogo wako, angalieni chini kabisa. Kama kuna barua ya bustani, msomee mama kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, pamoja na ile ya mchango wa hiari. Akiwa na hofu, iandikeni kwenye fomu, msiiache moyoni. Ukiwa na siku ya mapumziko, nenda nao, maana shule zinahitaji watu wazima. Shule itakueleza ukaguzi gani unahitajika.

Na mlioko Marekani, ulizieni pasi ya bure ya darasa la nne kwa hifadhi za taifa. Mpango huo ulianza 2015, na mtoto anaweza kwenda na familia yake.

Wiki ijayo tuna mgeni kwenye kipindi, kwa hiyo safu itakuwa fupi. Kabla ya hapo, mpelekeni mzazi wenu kwenye bustani iliyo karibu, mwonyesheni mimea mitatu, muulizeni anaiitaje. Rekodini anavyojibu, mtutumie. Hata akikosea jina, tumeni tu.