Watu wa Tabora, Chuma Chakavu Kisiondoke Chote

Ndugu zangu wa Tabora, mnunuzi wa vyuma chakavu akipita mtaani kwenu, msimpe kila kitu. Bakizeni spoku kadhaa, mnyororo uliolegea, redio iliyokufa. Nina wa kumkabidhi.

Nairobi yuko msanii aitwaye Cyrus Kabiru, aliyezaliwa mwaka 1984. Nyumba yao ilitazamana na jalala la Dandora. Utotoni alitamani miwani. Baba yake akamjibu kuwa kama anaitaka sana, ajitengenezee yake. Alijitengenezea, na hakuishia hapo: ameunda miwani ya waya, ya vizibo, ya vipande vya mitambo iliyotupwa, mingine mikubwa hata uso wote hauonekani. Kisha huivaa mwenyewe na kupigwa picha katulia kama mtu anayesubiri pasipoti, na hapo ndipo mzaha unapokolea, maana hujui ucheke au umwamkie. Baiskeli zile nzito za mizigo nazo amezigeuza sanamu. Kazi zake zimeingia hata Zeitz MOCAA, jumba kubwa la sanaa kule Cape Town.

Sasa niambieni, Tabora inakosa nini hapo? Baiskeli za mizigo tunazo. Mafundi bati tunao, wanaokata debe la mafuta ya kula likatoka koroboi na jiko. Na mtazameni mtoto na gari lake la waya: usukani mrefu ili aliendeshe huku anatembea, magurudumu ya malapa yaliyokatwa kwa wembe, vizibo viwili vya soda mbele kuwa taa. Ile ni sanamu, tena inakwenda. Sisi tunamwambia aache mchezo akasome.

Wala waya si mgeni kwetu. Misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilitua hapa, wapagazi wa Kinyamwezi wakibeba vitambaa vya merikani, shanga na nyaya za shaba. Nyaya hizo zikifika bara ziligeuka bangili na mapambo ya miguu. Reli ilipofika mwaka 1912 mzigo ulishuka mabegani, lakini mikono haikusahau kazi. Kule Kwihara, tembe alimokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872 ni makumbusho leo. Alikuwa akisubiri wapagazi ili aendelee na safari. Naona ni haki wajukuu wa wapagazi wetu nao wapate ukuta wa kutundika kazi zao.

Kwa hiyo nawaomba. Walimu, gari la waya likiingia darasani msilinyang'anye. Mwulizeni mwenyewe alivyokunja ekseli. Mafundi, wekeni sanduku la vipande mlangoni, watoto wachague. Wenye simu, na sote tunazo, mpigeni picha mtoto akiwa amevaa au ameshika alichokiunda, maana bila uso wa Kabiru miwani yake ingekuwa nusu ya kazi. Halmashauri nayo itutengee kivuli cha mwembe mmoja tu, siku moja ya likizo, tuzianike kazi hizo watu wazione, wacheke, wazinunue.

Nawe msomaji, ile plaizi iliyolala kabatini kwako, mwazime mtoto wa jirani leo hii.