Si Kila Kitabu cha Picha Ni cha Mtoto

Biashara ya magari yaliyokwisha kutumika imewazoesha watu wetu wa Mombasa majina ya Yokohama na Nagoya, kama wazee wao walivyozoea majina ya Maskati na Bombay. Mfanyi biashara akishamaliza shughuli zake huko Japani, hubakiwa na siku moja au mbili za kutembea Tokyo, na mfukoni ana karatasi ya vitu alivyoagizwa na vijana wa nyumbani. Zamani karatasi kama hiyo ilikuwa ikitaja saa na redio. Siku hizi inataja manga na anime.

Kwa asiyejua, manga ni hadithi za picha za Kijapani zinazochapwa vitabuni na magazetini, na anime ni filamu za michoro, ambazo aghalabu hutokana na hadithi hizo. Huyo mwenzetu huingia dukani akaona picha za rangi, macho makubwa na nywele za kila namna, akasema moyoni, "Haya ni mambo ya watoto." Huchukua vitano, hulipa, hutia sandukuni. Mwenzake wa pili amekwisha kusikia kwamba manga yote ni uchafu, basi hupita mbali na duka kana kwamba ni baa. Mimi nasema wote wawili hawajaitenda haki kazi waliyotumwa. Wa kwanza hakuchagua, na wa pili pia hakuchagua.

Jambo la kufahamu kwanza ni kwamba kwa Wajapani hadithi ya picha ni fasihi kama fasihi nyingine, nayo ina vitabu vya watoto, vya vijana, vya wanawake, vya wafanyakazi na vya wazee. Gazeti la vijana liitwalo Shonen Jump, lililoanzishwa mwaka 1968, lilifikia katikati ya miaka ya 1990 kuuza nakala zaidi ya milioni 6 kwa wiki. Mwaka huo huo wa 1968 lilianzishwa gazeti la Big Comic, nalo lilikusudiwa watu wazima waliokua wakisoma manga na hawakutaka kuiacha. Kwa hivyo mtu mzima anayesoma hadithi ya picha ndani ya treni ya Tokyo haonekani mpungufu wa akili.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Maneno "kwa watu wazima" katika maduka hayo yana maana mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Maana ya kwanza ni kitabu kinachotaka akili iliyokomaa: habari za vita, siasa, kazi, ndoa, uzee na kifo. Maana ya pili ni kitabu cha uchi na zinaa. Tena Wajapani wana maneno mawili yanayotamkwa sawasawa, yote "seinen", lakini huandikwa kwa herufi mbalimbali. Moja ni vijana na watu waliokwisha pevuka, na ndilo jina la manga ya kawaida ya watu wazima. La pili ni mtu aliyefikia umri wa kisheria, na ndilo linalochapwa juu ya jalada la vitabu vichafu, ndani ya alama ya duara refu, tangu mwaka 1991. Sisi tuliosoma chuoni hatuhitaji kuelezwa sana hatari ya namna hiyo. Mwalimu alitupigia kelele mara ngapi tutofautishe kafu na kofu, asije mtu akakusudia moyo akatamka mbwa? Basi msafiri asitegemee sikio lake. Na aitazame alama, na hasa atafute tarakimu 18. Penye 18 hapana mjadala.

Iko alama nyingine ambayo itamfurahisha kila aliyesoma kwetu. Kitabu cha Kijapani hufunguliwa kutoka kulia, kama msahafu. Maandishi yao yana herufi za Kichina, na mtoto hazijui zote. Kwa hivyo katika vitabu vya watoto na vijana, kando ya kila herufi ngumu huwekwa herufi ndogo ndogo za kuonyesha matamshi. Hizo huitwa furigana, na kazi yake ni kama kazi ya irabu katika maandishi ya Kiarabu: mwanafunzi husoma penye irabu, aliyekomaa husoma pasipo. Ukifunua kitabu ukaziona herufi hizo ndogo kila mahali, aghalabu mchapishaji alimkusudia mtoto au kijana. Usipoziona, yaelekea amekusudiwa mtu mzima. Alama hii haikwambii kama kitabu ni kisafi au kichafu. Inakwambia umri wa msomaji tu, lakini hilo peke yake ni nusu ya habari.

Taabu ni kwamba vitabu vingi vya manga hufungwa kwa karatasi ya plastiki, vipya na hata vikuukuu, ili watu wasivisome bure dukani. Msafiri asidhani kila kilichofungwa kina aibu ndani. Na amwombe muuzaji amwonyeshe kurasa za mfano, maana maduka mengine huviweka vijitabu vya namna hiyo rafuni. Kwa filamu, senema za Kijapani hupewa alama nne: G kwa watu wote, PG12, R15+ na R18+. Tena ajue kwamba diski ya DVD ya Japani ni ya eneo la 2, na mashine za Kenya ni za eneo la 5. Na zile za Blu-ray, Japani ni eneo A na sisi tumo eneo B. Wengi wamebeba zawadi ya bei kubwa ikafika nyumbani ikakataa kucheza.

Mahali pa kununulia ni pengi. Jimbocho ni mtaa wa vitabu vilivyokwisha kutumika, una maduka zaidi ya 100, na mpenda vitabu aweza kumaliza mchana mzima humo. Nakano kuna jengo liitwalo Broadway, lililofunguliwa mwaka 1966, na ndani yake duka la Mandarake lililoanza na kichumba kidogo mwaka 1980 likatanda ghorofa kwa ghorofa. Akihabara ulikuwa mtaa wa vipande vya redio baada ya vita, na sasa ni mtaa wa michoro. Asiyejua Kijapani na aende Kinokuniya huko Shinjuku, ambako hupatikana vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. Na Mwislamu asiwe na wasiwasi wa sala: Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki ulioko Yoyogi-Uehara, ulijengwa upya ukafunguliwa mwaka 2000, mahali pa ule uliojengwa mwaka 1938.

Katika majengo ya Akihabara, vitabu vya 18 aghalabu huwekwa ghorofa ya peke yake au nyuma ya pazia. Amri ya jiji la Tokyo juu ya malezi ya vijana, iliyowekwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadha, hutaka vitabu vilivyotajwa kuwa na madhara vitengwe na vifungwe. Mwaka 2019 maduka makubwa ya rejareja ya mitaani, yaani 7-Eleven, Lawson na FamilyMart, yaliacha kuuza magazeti ya uchi, kwa ajili ya wageni waliokuwa wakitarajiwa na kwa ajili ya wanawake na watoto wanaoingia humo. Na kifungu cha 175 cha sheria yao ya jinai ya 1907 hukataza kuuza vitu vichafu, ndiyo maana wachapishaji hufunika sehemu za siri kwa vivuli na miraba.

Sitawasifu kupita kiasi. Kufunika kiungo kwa mraba hakukibadili kitabu. Vilevile mwaka 2014 Japani iliharamisha kuwa na picha chafu za watoto, lakini sheria hiyo haikuigusa michoro, na humo nyuma ya pazia mna michoro ambayo hakuna mzazi, awe wa dini gani, atakayeweza kuitetea. Kinachoachwa na sheria ya watu si lazima kiachwe na dhamiri. Lakini kwa insafu nasema: angalau pazia wameliweka. Anayelivuka amelivuka kwa miguu yake mwenyewe, na hawezi kusema alipotea njia.

Mtego mbaya zaidi hauko nyuma ya pazia. Kuna vijitabu viitwavyo dojinshi, wanavyovichapa wapenzi wa manga wenyewe na kuviuza katika soko la Comiket, lililoanza mwaka 1975 na hufanywa mara mbili kwa mwaka. Vingi ni vya salama. Vingine huchukua shujaa wa hadithi ya watoto, sura yake na nguo zake zile zile, vikamtia katika mambo ya aibu. Msafiri akiiona sura ambayo mwanawe huitazama kwenye televisheni, atadhani amepata alichoagizwa. Basi sura isimwaminishe. Kijitabu chembamba, kikubwa kuliko kitabu cha kawaida, chenye bei kuliko unene wake, akiogope mpaka kimejulikana.

Anunue nini, basi? Viko vitabu vya watu wazima kwa ile maana ya kwanza ambavyo ningependa viwe katika kila maktaba ya Pwani. Keiji Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Alipoteza baba na ndugu zake siku hiyo, na kuanzia mwaka 1973 aliichora habari hiyo katika Hadashi no Gen, yaani Gen Miguu Mitupu. Shigeru Mizuki alipotezea mkono wake wa kushoto vitani, akashika kalamu kwa mkono uliobaki, na mwaka 1973 akatoa kitabu juu ya askari walioamrishwa wafe wote wasirudi. Jiro Taniguchi ameandika habari za mtu wa makamo anayejikuta amerudi katika mwili wake wa utotoni, akiwa na nafasi ya kumfahamu baba aliyewaacha. Kwa filamu, iko Kaburi la Vimulimuli ya Isao Takahata, ya mwaka 1988, habari ya kaka na dada mayatima wa vita. Sidhani yuko mzee atakayeitazama akatoka na macho makavu. Hakuna katika hivi kinachomfaa mtoto mdogo, maana vina mauti na njaa. Kwa kijana aliyekwisha baleghe, akivisoma na mzazi wake, vina mafunzo tele.

Na huku nyumbani tukumbuke sheria. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 imezitaja picha na vitabu vya uchafu, kwa chombo chochote, miongoni mwa bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa kabisa. Afisa wa forodha hatauliza ulikuwa umekusudia nini. Wala ndugu anayepitia Ghuba na kutoka nje ya uwanja wa ndege asitaraji huruma zaidi huko.

Najua wako watakaosema, kwa nini mwandishi wa magazeti ya Kiislamu na mashairi ajitie katika habari za vikatuni? Si afadhali kuwakataza vijana basi, mambo yakesha? Jibu langu ni kwamba vijana hawakutungoja sisi. Kijana wa Kibokoni au Mkomani ana simu, na simu haina pazia. Haina ghorofa ya peke yake, haina duara refu juu ya jalada, wala muuzaji wa kumtazama usoni na kumuuliza umri. Ndani yake Hadashi no Gen na ule uchafu vimekaa mahali pamoja, na asiyefundishwa kutofautisha ataanza na kilicho karibu na kidole chake. Mzee anayesema "yote ni mamoja" amemwachia simu imchagulie mwanawe.

Kuchagua kumekuwa kazi ya wazee siku zote. Wazee wetu walikuwa na utenzi wa kusomwa mbele ya watoto na nyimbo za kuimbwa wakubwa wakiwa peke yao, nao waliujua mpaka wa kila kimoja. Hawakuharamisha ushairi wote kwa sababu ya nyimbo hizo, wala hawakumpa mtoto kila ubeti kwa sababu ni ubeti. Utu uzima kwao ulikuwa ni kujua kipi kisemwe wapi. Neno hilo sasa limetekwa na wauza aibu, hata "ya watu wazima" ikisemwa popote watu huinamisha vichwa. Ni neno letu la heshima, na haifai tuliachilie.

Basi ndugu msafiri, karatasi yako ya maagizo ukiitoa mfukoni huko Tokyo, usione haya kuuliza, kufunua, kutazama tarakimu na kurudisha rafuni kisichofaa. Na ukifika nyumbani usimtupie kijana kitabu mkononi kama peremende. Keti naye, mfungulie kutoka kulia, msome kurasa za mwanzo pamoja.