Anayekabidhi Funguo Aeleze na Njia

Mwaka 2009 mume na mke kutoka Sweden walikuwa wakizunguka Italia kwa gari. Walitaka kufika Capri, kisiwa kilicho karibu na Naples, wakalione lile pango lenye maji ya buluu linalosifiwa duniani kote. Kwenye kifaa cha kuonyesha njia wakaandika Carpi. Herufi mbili zilipishana, basi. Gari likawafikisha kwenye mji wa viwanda huko kaskazini, zaidi ya kilomita 600 kutoka walikokusudia. Wakaingia ofisi ya utalii na kuuliza njia ya kwenda pangoni. Safari nzima hawakujiuliza wangefikaje kisiwani bila kupanda boti.

Kisa hicho kilitangazwa sana na watu wakacheka, lakini kina somo kubwa kwa familia yoyote inayopanga kuizunguka Ulaya kwa gari. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa anazijua taabu za barabarani: pancha, foleni, askari wa trafiki, mvua iliyokata daraja. Ni taabu anazoziona kwa macho, na akifika anazisimulia. Ulaya lami ni laini na mara nyingi hakuna wa kukusimamisha. Balaa la huko limeandikwa. Liko kwenye herufi, kwenye stika ya kioo cha mbele, kwenye kibao kidogo ukutani, kwenye barua itakayokufuata nyumbani likizo ikiwa imeshasahaulika.

Tuseme familia ya Waswahili wanaoishi Uingereza inaondoka mwezi Agosti, shule zimefungwa. Gari linaingizwa ndani ya treni, linapita chini ya bahari kwa dakika 35 hivi, na likitoka upande wa Calais baba anatakiwa kuhamia kulia. Ameendesha kushoto maisha yake yote, kwao Tanga na huko ugenini. Ndugu wa Rwanda, Burundi na Kongo hawana shida hiyo. Kipilefti nacho kinazungukwa kinyume na alivyozoea, na pale Paris, kwenye Arc de Triomphe zinapokutana barabara 12, anayeingia ndiye mwenye haki ya kupita. Aliyekwisha kuingia ndiye anayesimama. Dereva wetu amefundishwa kinyume chake.

Lakini taabu kubwa huanza kabla hata ya kuwasha gari. Ndani ya gari moja watoto wanaweza kuwa na pasipoti za Uingereza na mama akawa na ya Tanzania. Watoto wanaingia bila viza, siku 90 katika kila siku 180. Mama, hata kama ameishi London miaka 15, lazima aombe viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka kati yao), ambayo tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Familia ya namna hii isiangalie ramani kwa jicho la watoto. Iangalie kwa jicho la mama.

Mfano mzuri uko Croatia, iliyoingia Schengen Januari 2023. Anayeshuka kwa barabara ya pwani kutoka Split kwenda Dubrovnik, miji miwili ya nchi moja, anakutana na Neum, kipande kifupi cha pwani ambacho ni cha Bosnia na Herzegovina. Bosnia haimo Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka hapo, viza yake imekwisha kazi, na Dubrovnik iko mbele anaiona. Daraja la Pelješac, lililofunguliwa Julai 2022, linaizunguka Neum kwa juu ya bahari. Kifaa cha kuonyesha njia hakijui pasipoti ya abiria. Kinatafuta njia ya mkato tu.

Sasa njoo Florence, Italia. Mji mkongwe wa hapo uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1982, na mitaa yake ilijengwa kwa ajili ya watu na wanyama wa mizigo. Magari ya wageni hayaruhusiwi kuingia ovyo. Lakini usitegemee kukuta kizuizi wala mlinzi. Kuna kibao cheupe cha mviringo chenye duara jekundu, herufi ZTL, yaani eneo la magari yenye kibali tu, na kamera juu yake. Chini kuna maandishi yanayowaka: VARCO ATTIVO. Neno la kwanza ni lango, la pili linafanana na maneno ya lugha nyingi yenye maana ya kufanya kazi. Mgeni aliyechoka, watoto wanalia njaa nyuma, anasoma haraka kwamba lango linafanya kazi, yaani liko wazi, anapita. Kumbe maana yake ni kwamba kamera ndizo zinazofanya kazi na ni marufuku kupita bila kibali. Anaporuhusiwa kupita, kibao husema VARCO NON ATTIVO.

Akikosa njia ya kutokea akakata kona, anaweza kupita chini ya kamera ya pili, kisha ya tatu. Hakuna king'ora, hakuna anayemkimbiza. Familia inakula, inapiga picha, inarudi nyumbani. Sheria ya Italia inazipa mamlaka siku 360 za kumpelekea taarifa mtu anayeishi nje ya nchi. Kama gari ni la kukodi, kampuni huanza kwa kukata ada yake kwenye kadi ya mteja, kwa kazi ya kutoa jina lake tu. Faini yenyewe inakuja baadaye, peke yake.

Safu hii haiilaumu Florence. Mtu aliyepita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu anajua kuta za zamani haziwezi kuvumilia msururu wa magari, na wakazi wana haki ya kulala. Lawama ni kwa wanaokabidhi funguo. Mfanyakazi wa kaunta anatumia dakika nyingi kuonyesha mikwaruzo ya mlangoni na kushawishi mteja anunue bima ya ziada. Anajua mgeni huyu anakwenda katikati ya mji, kwa kuwa wote huenda huko. Ramani ya ukurasa mmoja yenye mpaka wa eneo la kamera ingemgharimu nini? Kampuni inayotoza ada kila mteja anapokosea haina haraka ya kumzuia asikosee, na hilo ni jambo la kurekebishwa kisheria. Karatasi hiyo iwe sehemu ya mkataba wa kukodi, katika lugha anayoisoma mteja.

Mpaka hilo litakapofanyika, mzigo ni wa msafiri. Hoteli iliyo ndani ya eneo la kamera ipelekewe namba ya gari mapema, kwani nyingi zinaweza kumwandikisha mgeni wao ili ashushe mizigo. Stika ya barabara kuu za Uswisi inunuliwe kabla ya mpaka. Kwenye kituo cha mafuta macho yaende kwenye umbo na si kwenye jina: tangu Oktoba 2018 nchi za Umoja wa Ulaya huweka duara kwenye bomba la petroli na mraba kwenye la dizeli.

Na mjini, gari liachwe nje. Kandokando ya njia kuu ya A1, karibu na Florence, kuna maegesho yaitwayo Villa Costanza. Gari linaingia humo moja kwa moja kutoka njia kuu, bila kugusa mtaa wowote wa mji. Hatua chache kutoka hapo kuna tramu, T1. Familia inashuka na vikapu vyake, inakata tiketi, inateremka karibu na stesheni ya Santa Maria Novella. Watoto wanatangulia kwa miguu kuelekea kwenye kuba la matofali la kanisa kuu, kuba ambalo msanifu Brunelleschi alilimaliza mwaka 1436. Njiani wanapita chini ya kibao chenye maandishi yanayowaka, na hakiwahusu.