Lenzi Si Pambo la Rafu

Vijana wanaopiga picha Nairobi wanachezewa mchezo mbaya, na wachezaji ni wawili. Wa kwanza anakuambia kwamba bila lenzi mpya, ile yenye mota ndani na herufi nyingi ubavuni, wewe si mpiga picha, wewe ni msee tu ako na kamera. Wa pili amechukua lenzi za zamani, zile ambazo zingekuokoa, akazipanga kwa rafu ya mkahawa kando ya taipureta na redio ya mbao, zishike vumbi watu wakinywa latte. Wa kwanza anakuuzia deni. Wa pili anakunyima dawa. Nina ugomvi na wote wawili, lakini huyu wa pili ndiye hasemwi na mtu, kwa hivyo leo nimemjia yeye.

Niseme ninakosimama. Naishi Mountain View, kwa SQ nyuma ya nyumba ya wenyewe, na picha ndizo zinanilipia kodi: ruracio, graduation, menyu za hoteli za Kangemi, mara moja moja picha za pasipoti. Lenzi ninayotumia siku nyingi ni Super-Takumar ya 50mm, iliyotengenezwa Japani na Asahi, wale wa Pentax, miaka ya sitini. Ni chuma na glasi. Haina mota, haina chipu, haina waya hata mmoja. Inafungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Nyuma yake kuna Sony ya mtumba, na katikati yao kuna adapta ambayo ndani haina kitu ila hewa.

Mtaa wetu umejaa wazee waliostaafu. Watoto wako Dallas na Perth, na nyumba ikiuzwa, vitu vya miaka arobaini hutolewa kwa veranda. Mzee mmoja alikuwa amepanga sanduku zima limngojee mtu wa vyuma kuukuu, yule wa kupima kwa kilo. Nikamwambia, "Mzee, hii lenzi naomba nikununue."

"Hiyo? Kijana, hiyo ilikufa na filamu."

"Haijakufa, mzee. Imekosa tu mahali pa kufungwa."

Akacheka. "Basi lete elfu mbili, na ikifufuka uniletee picha."

Nilimpelekea. Ni yeye mwenyewe, ameketi kwa ngazi, miwani mkononi.

Watu hudhani mambo haya yanataka uchawi. Yanataka rula. Kila lenzi huundwa ikijua itakaa umbali gani kutoka kwa filamu. Zile za skrubu ya M42, ambazo ni pamoja na Takumar yangu, za Praktica kutoka Ujerumani Mashariki na za Zenit kutoka Muungano wa Kisovieti, zinataka milimita 45.46. Sasa, kamera za DSLR zina kioo ndani kinachopanda na kushuka, kwa hivyo ni nene. Canon EF ni milimita 44, Nikon F ni 46.5. Piga hesabu: Canon inakubakishia karibu milimita moja na nusu ya kuweka adapta, lakini Nikon tayari imepitiliza. Ndiyo maana M42 kwa Nikon ya kioo inaona vya karibu tu, Ngong Hills zinabaki ukungu hata asubuhi ya Januari. Halafu zikaja kamera zisizo na kioo. Sony E ni milimita 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16. Ghafla kuna nafasi tele. Karibu kila lenzi ya SLR ya enzi ya filamu inaweza kukaa mbele ya kamera hizi, na kinachohitajika ni bomba fupi la chuma la kujaza pengo.

Kwa hivyo anayeniambia nimeshikwa na hamu ya zamani hajaelewa mambo. Ni kamera mpya ndizo zimezifungulia lenzi hizi mlango. Ukiingia kwa menyu uruhusu kamera ipige picha bila kutambua lenzi, kisha uwashe ule msaada wa fokasi, kioo cha nyuma kinakuchorea ukingo mwekundu au wa njano pale palipokaa sawa. Unaweza kukuza jicho la mtu mpaka uhesabu kope. Wazee wa zamani wangefurahi kuwa na hiyo kitu.

Sasa tuongee pesa, kwa sababu hapo ndipo pananiuma. Lenzi mpya ya 50mm inayopokea mwanga mwingi kama Takumar yangu, yaani f/1.4, inakula kodi yangu ya miezi kadhaa, na tayari serikali imejikatia VAT yake ya 16%. Najua vijana waliochukua app tatu za mkopo wakanunua lenzi moja, kisha wakaiuza kwa hasara kabla haijawalipa. Wengine walikuwa wazuri kuniliko. Siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Ukikaa kwa yale makundi yetu ya WhatsApp utaona mtu ametuma picha nzuri kabisa, mama akikaanga mihogo, moshi umemzunguka kama shuka, na swali la kwanza ni, "Unatumia lenzi gani?" Si huyu ni nani. Si uliongea naye vipi mpaka akakuzoea.

Halafu kuna mambo ya ufundi. Mota ya lenzi ya kisasa ikifa, mafundi wa kamera wa huku town watakuambia ukweli: spea haipo, na ikiwepo bei yake inakaribia ya lenzi. Yangu ikikwama, inafunguliwa kwa bisibisi, inapanguswa grisi ya zamani, inapakwa mpya, inarudi kazini. Kitu unachoweza kukifungua ni chako. Kile kingine umekodi tu bila kuambiwa.

Pingamizi ninalosikia zaidi ni kwamba ni polepole. Kweli ni polepole, siku za kwanza. Kwa f/1.4, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwako, sehemu iliyo kwenye fokasi ni sentimita tano hivi. Akipumua, ametoka. Kwa hivyo unafunga tundu la lenzi hadi f/2.8 au f/4, unamwambia asimame pale, unamngojea. Mkono unajifunza. Baada ya miezi michache kidole kinajua kuelekea kushoto ni karibu au mbali, kama vile dere wa mathree asivyoangalia gia.

Na kama polepole ingekuwa kifo, tusingekuwa na historia. Otofokasi ilikuja kuwa kitu cha kawaida kwa kamera za SLR baada ya Minolta 7000 ya mwaka 1985. Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi aliyezaliwa 1935, aliuawa Oktoba 1968 akiwa kazini kwenye vita vya Biafra. Kila picha aliyoacha aliifokasi kwa vidole. Tom Mboya alipopigwa risasi Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, tarehe 5 Julai 1969, Mohamed Amin aliingia na kamera yake mpaka ndani ya ambulansi. Usiniambie hapo kulikuwa na nafasi ya kupumua. Na ile picha ya cucu na guka iliyo ukutani kwenu, wamesimama mbele ya pazia la studio, maua ya plastiki kando, mkono wa guka umekakamaa begani mwa cucu: kuna mtu alizungusha pete mpaka macho yao yakawa wazi. Hata sinema haijaacha. Kwa seti kubwa kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kuvuta fokasi kwa mkono, na Greig Fraser alipopiga Dune: Part Two ya 2024, miongoni mwa lenzi alizotumia kulikuwa na za zamani za Kisovieti.

Sitadanganya kwamba zinafaa kila mahali. Mtoto wa miaka minne kwa birthday atakushinda. Maandamano ya 25 Juni 2024, ningekuwa mjinga kumwambia mtu yeyote aliyekuwa barabarani aweke otofokasi nyumbani. Na kuna shida nyingine ya vipimo: kama sensa yako ni ndogo, ile ya APS-C, 50mm inaona kama 75mm. Uso unatoka vizuri sana. Lakini jaribu kupiga familia ya watu sita ndani ya nyumba ya kumi kwa kumi pale Kangemi. Utarudi nyuma mpaka mlangoni, utoke nje, uende ukanyage karai la jirani. Lenzi pana za zamani zipo, 28mm hasa, ila nyingi hazina mwanga wa kutosha kwa nyumba yenye dirisha moja.

Kuna pia wale wanaoziharibia jina kwa kuzipenda vibaya. Helios 44, lenzi ya 58mm f/2 ambayo Wasovieti waliinakili kutoka kwa Biotar ya Carl Zeiss Jena na kuitengeneza kwa mamilioni, ina tabia ya kuzungusha majani yaliyo nyuma ya mtu kama maji yanayoingia kwa shimo la sinki. Sasa kila msichana aliyewahi kusimama Arboretum amezungushiwa majani. Picha ni ileile, jina tu limebadilika. Mtu ananunua lenzi kama anavyonunua chujio la Instagram, na wauzaji wakiona hivyo wanaandika "vintage" na bei inapanda. Lenzi ilitengenezwa ili mfanyakazi wa kawaida aimudu. Kuigeuza kitu cha kifahari, manze, hapana.

Sasa turudi kwa ile rafu. Nimehesabu mikahawa mitano kutoka Westlands hadi katikati ya jiji iliyo na kamera za zamani kama mapambo, na Airbnb sijui ngapi. Nimeona moja imetobolewa tumboni ikawa taa ya mezani. Ukiuliza kama inauzwa unaangaliwa kama mwizi. Lenzi ikikaa mahali pa giza na unyevunyevu inaota kuvu, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na zikikaa muda zinakula ile rangi ya juu ya glasi na haziondoki tena. Mmeziweka kando ya mashine ya kahawa inayotoa mvuke kutwa! Hilo si kuhifadhi urithi. Studio za mitaani zilipofungwa moja baada ya nyingine, vifaa vyao viliishia kwa vyuma kuukuu au kwa wapambaji, na mara nyingi hakuna aliyejiuliza kama kuna kijana anaweza kuvifanyia kazi. Mtu wa vyuma kuukuu simlaumu, anatafuta unga. Nyinyi mna unga, na maziwa ya oat juu yake.

Na wewe unayesoma hii, huenda iko moja kwenu, juu ya kabati, ndani ya mfuko wa ngozi uliokakamaa. Itoe. Washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma huku ukichungulia mbele. Vumbi kidogo si shida. Utando ni shida. Angalia vile vibao vyembamba vinavyofunga na kufungua tundu: vikiwa vimelowa mafuta vitavuta, na hiyo ni kazi ya fundi ya siku moja. Glasi ikiwa imegeuka njano kama chai ya rangi, na ni Takumar ya f/1.4, ni kwa sababu baadhi ya glasi zake zina thoriamu. Iweke dirishani ilambe jua wiki kadhaa, njano itapungua sana. Zungusha pete ya fokasi, ikikwaruza kama mchanga iachie fundi.

Ukiona haikufai, usiipeleke kwa mtu wa mapambo. Ulizia kwa makundi ya wapiga picha, sema bei ya mtu anayeanza kazi, na umpe na kile kifuniko cha nyuma, maana hicho ndicho hupotea kwanza.