KAULI YA KATIBU WA TAWI: HIJABU SHULENI



Wengi wanadhani Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu shuleni Januari 2019. Sivyo. Katika kesi ya shule ya Kiwanjani, Isiolo, ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 2016 kwa kuwa dai halikuwasilishwa ipasavyo, kisha ikaihimiza bodi ishauriane na wazazi. Septemba hiyo, Mahakama Kuu iliamuru msichana wa Kirastafari jijini Nairobi asizuiwe kusoma kwa sababu ya rasta zake.

Kesi huchukua miaka. Mtoto aliyerudishwa getini hukosa masomo leo. Mkutano wa wazazi ukiitwa, nendeni. Daini kanuni ya mavazi iandikwe, dini zote zikizingatiwa, kabla ya muhula kuanza.

Katibu wa Tawi