Leza Usoni: Nani Ashike Mashine?

Matangazo ya kliniki za urembo yamejaa kwenye simu zetu. Picha mbili za uso mmoja: wa kushoto una mabaka, wa kulia unang'aa, na chini yake namba ya kupiga. Wengi wanaoikimbilia leza ni wanawake waliokwisha kuhangaika na mkorogo, na sasa wanaambiwa kwamba mwanga utafuta kile ambacho krimu zilishindwa.

Leza inafanya kazi. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish wa Marekani walieleza jinsi mwanga wa rangi moja, ukipigwa kwa muda mfupi sana, unavyoweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kuacha vilivyo jirani yake. Kwa madoa, kitu hicho ni melanini. Alama ya Ota, lile baka la kibuluu linalokaa karibu na jicho, mara nyingi tangu utotoni, liko ndani mno kiasi kwamba krimu haifui dafu, na hapo leza imewapa watu wengi nafuu ya kweli.

Lakini melanini ndiyo hiyo hiyo inayotupa rangi yetu. Mwanga hauwezi kutenganisha ile ya baka na ile ya shavu zima. Leza ya nanomita 532 hunyonywa mno na melanini, kwa hiyo ngozi nyeusi huungua upesi. Ya nanomita 1064 hupenya zaidi na ina usalama zaidi, lakini bado usalama huo unategemea mkono unaopanga nguvu yake. Nguvu ikizidi, ngozi hujibu kwa weusi mpya, au huacha madoa meupe ambayo huenda yasirudishe rangi yake. Hata kipimo cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, ambacho wataalamu wa leza hukitumia kupanga aina za ngozi, kilianza na ngozi za Wazungu. Ngozi zetu ziliongezwa baadaye.

Tatizo la wengi wetu ni melasma: mabaka ya mashavuni na kwenye paji la uso, yanayowapata sana akina mama wakiwa wajawazito au wakitumia vidonge vya uzazi wa mpango. Homoni huyaanzisha, jua na joto huyachochea. Leza huvunja rangi iliyokwisha kutengenezwa, ila seli zinazoitengeneza hubaki na hasira yao. Ndiyo maana melasma hurudi, pengine nzito kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi huanza na kinga ya jua, hasa ile yenye rangi iliyochanganywa na oksidi ya chuma, na dawa za kupaka kwa muda maalumu. Leza huja mwishoni.

Kuna pia weusi uliotokana na hidrokwinoni, dawa iliyomo kwenye krimu nyingi za kujichubua, baada ya miaka ya kuipaka. Kwa macho unafanana na melasma, kumbe ni ugonjwa mwingine, na kuendelea kupaka krimu ile ile huuzidisha. Anayeuangalia kwa haraka kwenye kiti cha saluni atautambuaje?

Nitaambiwa madaktari wa ngozi ni wachache, na hilo ni kweli. Lakini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha maofisa tabibu tangu mwaka 1992. Pengo la wataalamu huzibwa kwa kufundisha, na kufundisha tunaweza. Kumwachia mashine yeyote aliyemudu kuinunua ni kuwatoza wagonjwa gharama ya uzembe wetu.

Kwa hiyo leza ihesabiwe kuwa kifaa cha tiba, na anayeishika awe amesomea ngozi nyeusi. Nawe unayefikiria kwenda, kabla hujakaa kwenye kiti waulize mambo mawili: ugonjwa wangu unaitwaje, na je, mtaanza kwa kujaribu sehemu ndogo nyuma ya sikio? Wasipokuwa na jibu, chukua mkoba wako uondoke.