Soma masharti kabla ya kulipia GRE

Ukitaka kusomea shahada ya uzamili Marekani, utaambiwa uanze na mtihani wa GRE. Ada yake ni dola 220, takriban Sh28,000. Kwa aliyehitimu juzi na bado anasaka kazi, hiyo ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Lakini idara nyingi siku hizi haziuhitaji mtihani huo. Nyingine zinasema ni hiari, na hata ndani ya chuo kimoja masharti hutofautiana. Soma ukurasa wa idara unayoilenga kwanza. Ukikwama, waandikie baruapepe. Ni bure, bana.

Kama ni lazima, usitishike. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, hauzidi saa mbili. Hesabu zake ni za kiwango cha sekondari, japo zina mitego, na ETS, shirika linaloutunga, hutoa mitihani miwili ya majaribio bila malipo. Ifanye hiyo kabla ya kulipia tuisheni. Alama zako zitatumika miaka mitano.

Kinachoudhi ni kwamba punguzo la ada kwa wasiojiweza ni la raia na wakazi wa Marekani. Vyuo vinavyodai kusaka vipaji Afrika viondoe gharama hiyo kwanza.